Siku Sita Wete, Kumsubiri Nondo wa Kijani

Alhamisi. Malindi, Mkoani, Wete

Siku kumi zilizopita shangazi yangu alinipigia simu kutoka Wete, Pemba. Vinka zake, yale maua ya vyunguni barazani, zimeliwa, alisema, yamebaki mashina matupu, na mjukuu wake wa miaka tisa amewakamata wawili kati ya walaji na kuwatia kwenye kopo la maziwa. "Wanene kama kidole gumba, kijani, wana macho mgongoni. Nimemwambia awatupe, hataki. Jana wamebadilika rangi wakawa kama udongo, leo ati wamejizika. Wewe si ndiye mwalimu wa wadudu?"

Nafundisha baiolojia Unguja, na kwa maelezo yale sikuhitaji picha. Kijani, macho mgongoni, na mlo wenyewe vinka: huyo ni kiwavi wa nondo wa oleanda, ambaye wataalamu humwita Daphnis nerii. Miaka yote nimechora ubaoni lile duara la yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili, lakini huyu sijapata kumwona akitoka kwa macho yangu. Nikahesabu siku. Katika joto letu la Disemba pupa hukaa wiki mbili hivi. Shule zimefungwa. Nikamjibu shangazi, "Kopo lisiguswe, nakuja."

Boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, ilipopita Nungwi mawimbi yalianza, na abiria wengi wakajilaza. Mimi nilishika nguzo nikitazama maji yanavyogeuka buluu nzito. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Unguja iliungana na bara zamani za barafu, bahari ilipokuwa imeshuka. Pemba imekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi ya huo, ndiyo maana ina ndege wake na popo wake wasiopatikana pengine duniani. Kwa nondo wa oleanda, mkondo huu si kitu. Kila mwaka wenzake huondoka Afrika wakavuka Bahari ya Mediterania hadi Ulaya. Wengine hufika Ujerumani, na wachache hata Uingereza. Wakifika huko hutaga, na watoto wao huwahi kukua kiangazi kile, lakini baridi ikiingia hakuna anayepona. Mdudu mwenye mabawa ya sentimita 9 hadi 11 tu!

Mkoani nilipanda daladala. Kuanzia hapo hadi Chake, na tena kutoka Chake hadi Wete, pembeni mwa njia yametandazwa majamvi ya karafuu, nyingine bado zina wekundu, nyingine zimeshapiga weusi. Harufu inaingia dirishani na kukaa nguoni. Waarabu wa zamani waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, na baada ya mvua za vuli huna haja ya kuuliza kwa nini.

Nilifika magharibi. Hata chai sijanywa, mtoto akanivuta mkono hadi uvunguni mwa kitanda. Kopo lina mchanga nusu, juu yake majani makavu ya muembe. Nikayainua jani moja moja. Kiwavi hashuki chini kabisa ya ardhi. Hujificha chini ya takataka za majani na kuyashikiza kwa nyuzi chache za hariri, kazi ya juu juu isiyostahili hata kuitwa kifukofuko. Pupa mbili zilikuwa humo, kila moja ndefu kuliko kidole changu cha shahada kikikunjwa, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, na mstari mwembamba mweusi umeshuka katikati ya kifua kama umechorwa kwa wino. Ubavuni kuna nukta nyeusi zilizopangika. Hizo ni tundu za kuvutia pumzi.

Nilizigusa kwa ncha ya unyoya. Ya kwanza ilitikisa tumbo kwa hasira, huku na huku. Ya pili haikujibu. Sikumwambia mtoto kitu.

Vitabu vya shule huiita hatua hii pupa, neno lile lile la mtu anayekula kwa pupa. Najua ni neno la kukopa lililokutana na letu kwa bahati, lakini kila nikilisema darasani hunijia kwamba hakuna kitu duniani kisicho na pupa kama pupa.

Ijumaa. Kwa jirani

Asubuhi mtoto alikuja mbio. Kwa jirani, kwenye oleanda, kuna mwingine!

Oleanda ni ule mti mfupi wa majani marefu membamba na maua ya waridi unaopandwa mbele ya maofisi na hoteli kwa sababu mbuzi hawaugusi. Mzee jirani alikuwa ameshasimama pale na bomba la dawa la mgongoni, lile analopigia nyanya zake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanionesha kwa fimbo, kwa mbali. "Huyu mtoto wa nyoka. Tazama macho yake. Na mwiba ule nyuma, akikuchoma hulali."

Nilimwomba anisubirie dakika tano.

Kiwavi alikuwa amebana chini ya tawi, mrefu kupita sentimita 8, kijani cha jani changa la mgomba. Ubavuni una mstari mweupe uliotoka karibu na shingo hadi mkiani, na kuzunguka mstari huo zimemwagwa nukta ndogo nyeupe kama chumvi. Pembe ya nyuma fupi, rangi ya chungwa, imelala kidogo. Nilipomgusa bega alivuta kichwa ndani, sehemu ya mbele ikafura, na yale madoa mawili yakafunguka: meupe ya kuelekea buluu, yamezungushiwa weusi. Mzee alirudi nyuma hatua mbili. Ndege naye hufanya hivyo hivyo, na hatua mbili za ndege zinamtosha kiwavi kuishi siku nyingine. Macho yake ya kweli ni vinukta vidogo kichwani ambavyo huona kidogo sana.

Nikamtembeza kwenye kiganja. Miguu ya nyuma inanasa ngozi kama ile mikanda ya kunata ya viatu vya watoto. Pembe nikaipinda kwa kidole: laini, kama ncha ya bamia. Haichomi, haina sumu wala haina kazi ya vita. Alipotoka yaini alikuwa na milimita chache tu, wa manjano, na pembe hiyo ilikuwa nyuzi nyeusi ndefu. Kila alipojivua gamba ilizidi kuwa fupi ukilinganisha na mwili.

"Basi sumu yuko nayo nani?" mzee akauliza, na hili ndilo swali nililolitaka. Sumu iko kwenye mti. Utomvu wa oleanda una kitu kiitwacho oleandrini kinachovuruga mapigo ya moyo. Majani yake yanaweza kumuua ng'ombe, na mtu pia. Nilimweleza mtoto mbele ya mzee, ili wasikie wote: vijiti vya mti huu visitumike kuchomea mishikaki, majani yasichemshwe, na ukishika utomvu nawa mikono. Nikanawa mbele yao. Huyu kiwavi anaula mti huo asubuhi, mchana na usiku na hadhuriki. Vinka nayo ni ya ukoo huo huo. Asili yake Madagaska, na ndani yake zilipatikana vinblastini na vinkristini, dawa ambazo tangu miaka ya 1960 zinatumika hospitali kutibu saratani, pamoja na saratani ya damu ya watoto. Kwa hiyo vyungu vya shangazi vilivyomalizwa barazani vilikuwa sahani ya dawa kali, na aliyeila akanawiri.

Mzee aliondoka kwenda kujitayarisha kwa sala ya Ijumaa. Bomba alilibeba kurudi nalo ndani. Hakusema atapiga, hakusema hatapiga.

Jioni mtoto aliuliza nani kampa nondo jina hilo gumu. Nikamwambia: bwana mmoja wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1758, ndiye aliyemtia kwenye orodha yake ya viumbe, na sehemu ya pili ya jina imetoka kwenye jina la oleanda, Nerium. Ukoo wake unaitwa wa sifinksi, kwa vile viwavi wake wakitulia huinua kifua na kukunja kichwa kama lile sanamu la Misri. Alikaa kimya, kisha akainua kifua chake na kukunja shingo pale mkekani. Alifanana hasa.

Jumamosi. Mvua

Mvua mbili kubwa. Mtaa mzima ulikuwa mbio: tone la kwanza likianguka, watoto, wazee, wageni, kila mtu anakunja jamvi. Karafuu iliyoloa ikapoteza rangi, bei inaanguka. Nilikunja majamvi sita nisiyojua ni ya nani.

Mchana, baada ya wali na pweza wa nazi, tulifungua kopo. Pupa ya pili imetoboka. Pembeni yake, juu ya mchanga, kulikuwa na vidonge vinne vya kahawia iliyoiva, vidogo kama mbegu za mpapai. Mtoto alidhani ni mayai. Nilikaa nikamweleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Kuna inzi, si yule wa jikoni, mwenye manyoya magumu mgongoni, ambaye humtafuta kiwavi angali hai. Wengine hutaga mayai juu ya ngozi yake, wengine juu ya majani ayalayo ili ayameze. Funza wakitotolewa hukaa ndani, wanakula wakiacha viungo vya uhai hadi mwisho, na kiwavi anaendelea kula, kukua, hata kujigeuza pupa, akidhani anajitengenezea mabawa. Wakishiba hutoka na kuwa vidonge hivi. Baada ya siku kadhaa vitatoka inzi.

Alilia. Alilia kweli, na mimi nilijuta kwa muda kwamba sikudanganya. Shangazi alimpakata akasema, "Riziki ya kila mtu inatoka kwa mwenzake, mwanangu." Mimi ningeongeza hili: vinka moja ikibeba mayai mengi na wote wakawa nondo, Wete nzima isingebaki na jani. Inzi huyu, na nyigu, na mijusi, na ndege chozi wanaolisha makinda, ndio wanaolinda vyungu vya shangazi kuliko bomba lolote, na bomba likipigwa hufa wao kwanza.

Pupa ya kwanza bado inatikisa tumbo.

Jumapili. Ngezi

Mtoto wa kiume wa shangazi alinipeleka Ngezi kwa pikipiki, kupitia Konde. Sitaandika mengi, msitu ule unadai simulizi yake peke yake: mivule mikubwa, miti ya jamii ya minazi iitwayo mpapindi ambayo ni ya Pemba tu, na kiza cha saa kumi alasiri kama cha magharibi. Kwa ruhusa ya mlinzi wa msitu tulibaki baada ya jua kutua, ukingoni, tukatundika shuka jeupe na taa. Walikuja nondo wengi wadogo. Watatu walikuwa kijani safi, wembamba kama karatasi, wametandaza mabawa shukani kama majani yaliyobandikwa kwa gundi. Hao ni wa ukoo wa viwavi-vipimo, wale wanaotembea kwa kukunja mgongo kama mtu apimaye kitambaa kwa shubiri. Juu yetu bundi mdogo wa Pemba alikuwa akitoa sauti moja, ananyamaza, anatoa tena.

Wa oleanda hakuja, nami nilikuwa nusu mtu pale, nusu yangu iko chini ya kitanda Wete. Tulirudi saa nne usiku.

Jumatatu. Usiku

Alfajiri pupa imegeuka. Ile rangi ya maziwa na kahawa imekuwa nzito, na kwenye kifua, ukiweka tochi kwa pembeni, unaona mabawa kupitia ganda: madogo, yamekunjwa, yana michirizi yote tayari. Nilimwambia shangazi, "Ni leo." Akasema basi hatapika usiku, atanunua mkate wa ufuta, asije akakosa. Alikuwa ameanza kwa kulalamika, sasa ndiye anayefukuza kuku barazani wasipige kelele.

Tulilaza pupa juu ya kitambaa ndani ya chandarua, tukasimamisha kijiti cha mkarafuu karibu. Kijiti ni lazima. Nondo akitoka asipate pa kupanda, mabawa hukauka yamekunjamana, na hapo hataruka maisha.

Saa mbili na robo ganda lilipasuka nyuma ya kichwa. Hakuna sauti niliyoisikia, ila mtoto anasema ilisema "tik". Kilitoka kichwa kilicholowa, miguu ya mbele, kisha mwili wote kwa kujisukuma mara tatu. Mabawa yalikuwa madogo kama majani ya mchicha yaliyonyauka. Akatembea kwa haraka, akagonga kijiti, akapanda hadi karibu na ncha, akaning'inia kifua kikitazama mbingu na mgongo chini. Akatulia.

Hapo kazi ilianza. Anasukuma maji ya mwili kutoka tumboni kuingia kwenye mishipa ya mabawa, na unayaona yanavyoshuka, polepole, kama kanga inayokunjuliwa mkunjo kwa mkunjo na mtu asiyetaka kuichana. Niliweka saa: dakika ishirini na mbili hadi ncha zikanyooka. Muda wote huo mrija wake ulikuwa ukijikunja na kujikunjua. Nilisogea hadi pua yangu ikagusa chandarua nikaona kitu nilichokisoma tu: mrija hutoka umegawanyika nusu mbili, nyuzi mbili kila moja na mfereji wake, na nondo huziunganisha mwenyewe kwa kuzikunja pamoja tena na tena hadi zinashikana kuwa bomba moja. Akikosea hapo, atakufa na njaa mbele ya maua. Huyu hakukosea.

Mzee jirani alikuwa ameitwa. Aliingia na tochi yake, akavua viatu, akakaa kitako mkekani bila neno.

Nondo alidondosha tone la maji ya rangi ya matofali, uchafu wa siku zote alizofungiwa, kisha akalaza mabawa. Sasa nieleze rangi. Kijani, lakini si kimoja. Kuna kijani cha mwani, cha zeituni, na kingine cha jani lililozeeka, vimepitana kwa mawimbi, na kati yake michirizi myeupe na mikanda ya waridi iliyofifia, kama marumaru iliyosuguliwa. Shingoni ana ukosi wa kijivu chenye zambarau. Kwenye shina la kila bawa la mbele kuna doa jeupe na ndani yake nukta nzito ya kijani, jicho tena, kama kwamba ameondoka na kumbukumbu ya ukiwavi wake. Mzee alizima tochi, akaiwasha, akazima. "Subhanallah," akasema. "Huyu ndiye yule?"

Nikamwambia ndiye yule.

Karibu saa nane usiku alianza kutetemeka. Mabawa yanatikisika kidogo kidogo bila kupiga, na ukiweka kiganja karibu unasikia upepo. Misuli ya kifua lazima ipate moto kwanza ndipo iweze kumnyanyua mdudu mzito kama huyu, na hujipasha yenyewe kwa kutetema, kama sisi wenye homa. Tuliinua chandarua, shangazi akazima taa ili asiizunguke, akafungua mlango wa barazani. Nondo alipanda hadi usawa wa uso wa mtoto, akabaki palepale hewani muda wa pumzi moja, akatoka.

Jumanne. Asumini

Nililala hadi saa nne asubuhi. Kesho nina boti, kwa hiyo siku ilipita kwa kufunga mizigo: karafuu robo kilo, halua ya Wete vikapu viwili. Kwa jirani nilipita kuaga. Kiwavi hayupo kwenye oleanda. Chini ya mti majani makavu hayajafagiwa, na mzee kazungushia mawe.

Jioni shangazi alikwenda nyuma ya nyumba kuchuma asumini. Kuna harusi keshokutwa na yeye ndiye mtengeneza vikuba, na wanaomjua wanasema hakuna mwenye mkono kama wake wa kupanga asumini na rehani na mkadi. Alikuwa amechelewa, vitumba huchumwa vikiwa bado vimefumba, na vyake vilikuwa vimeshaanza kufunguka. Nilibeba kapu.

Ua jeupe, lenye shingo nyembamba, linalofungua jua likizama na kumwaga harufu gizani, halikufanywa hivyo kwa ajili ya nyuki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionesha mwaka 2002 kwamba nondo mmoja wa ukoo huu huu anatofautisha rangi katika mwanga wa nyota, wakati mimi na wewe tunaona weusi na kijivu tu. Nilikuwa namweleza shangazi hayo, naye ananijibu "ehe, ehe" kama mtu anayehesabu maua, ndipo akanishika mkono.

Kwenye tawi la juu, mahali mwanga wa mwisho ulipobaki, kitu kilikuwa kikining'inia hewani. Ndege chozi mchana hushika tawi ndipo anywe. Huyu hakushika kitu. Alisimama mbele ya ua, mabawa hayaonekani, ni ukungu wa kijani tu, mrija umenyooka umeingia ndani. Akatoka, akahamia la pili. La tatu. Sitasema ni yule wa jana.

Shangazi alikuwa na mkono juu, kwenye tawi hilo hilo. Akaushusha taratibu, maua yaliyokuwa kiganjani akayabana asiyadondoshe, akabaki amesimama hivyo. Ndani mtu aliita kuuliza asumini ziko wapi. Hakujibu.